Kutoka Manyoni hata Arusha: Njia ya Mtetezi wa Haki katika Mahakama za Nje

Neno mtetezi ni neno la heshima katika Kiswahili, ijapokuwa asili yake si ya heshima sana. Limetoka katika kitenzi teta, maana yake kubishana au kugombana kwa maneno. Kikitiwa mnyambuliko wa kutendea huwa tetea, yaani kuteta kwa ajili ya mwingine. Basi mtetezi si mgomvi. Ni mtu aliyeubeba ugomvi wa mwenzake. (Kuku naye hutetea akikaribia kutaga, lakini yaelekea hilo ni neno jingine, lililoigwa kutoka katika sauti yake.) Mchochezi nalo ni neno la vitenzi vya nyumbani: limetoka katika chochea, kusukuma kuni ndani ili moto uwake zaidi. Sheria imelichukua neno hilo na kuliita kosa, uchochezi, na kwa kufanya hivyo imekubali bila kukusudia kwamba moto ulikuwapo kabla ya mchochezi kufika, kwa maana mtu hachochei mahali pasipo moto.

Ajabu ni kwamba mtu mmoja, kwa tendo moja, huweza kuitwa mtetezi na jirani zake na mchochezi na hati ya mashtaka. Makala haya yaeleza mtu wa namna hiyo ana njia gani za kutafuta haki nje ya mipaka ya nchi yake, na njia hizo zimepanuka wapi na kuzibwa wapi. Mfano uchukuliwe wa Manyoni, wilaya ya mkoa wa Singida iliyo juu ya reli ya kati, mahali ambapo barabara itokayo Dodoma yageuka kwenda Singida mjini. Manyoni imechaguliwa kwa sababu iko mbali na Dar es Salaam, yenye mashirika na mawakili, na mbali pia na Arusha, yenye mahakama za kimataifa. Sheria inayoeleweka Manyoni yaweza kueleweka popote.

Kwanza yafaa kujulikana nani ni mtetezi. Mnamo tarehe 9 Desemba 1998 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio juu ya watetezi wa haki za binadamu. Azimio hilo halidai shahada wala kitambulisho. Lasema kwamba kila mtu, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kuendeleza na kupigania haki za binadamu kwa njia za amani. Kwa hiyo mwanakijiji wa Kilimatinde anayeuliza hadharani fedha za zahanati zimekwenda wapi, au mfugaji wa upande wa Itigi anayewaandikia wakubwa kupinga kuondolewa malishoni, ni mtetezi sawasawa na wakili wa mjini. Azimio si mkataba, na serikali haiwezi kushitakiwa kwa kulivunja. Lakini mambo lililoyataja, kama uhuru wa kusema na wa kukusanyika, yamo katika mikataba ambayo Tanzania imeitia sahihi na kuiridhia.

Mateso ya watetezi mara nyingi hayaji kwa jina lake. Huja kwa jina la kosa jingine. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa mwezi wa Julai 2019. Baada ya siku chache akashitakiwa kwa makosa ya kodi, ya uhalifu wa kupangwa, na ya kutakatisha fedha. Tito Magoti, afisa wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alikamatwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo, naye akakutana na shitaka la utakatishaji. Kwa nini utakatishaji? Kwa sababu ni kosa lisilo na dhamana. Mshitakiwa hukaa rumande mpaka shauri liishe, na upelelezi waweza kuitwa haujakamilika mwezi hata mwezi. Kabendera alitoka Februari 2020 na Magoti Januari 2021, wote kwa makubaliano ya kukiri makosa. Mwezi wa Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachokataza dhamana kwa makosa hayo chapingana na Katiba, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Hapo yaonekana kwamba adhabu yenyewe si ile iliyoandikwa katika sheria. Adhabu ni kungoja.

Watu wa Manyoni hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Ikungi ni jirani yao wa kaskazini, na mbunge wa sehemu hiyo, jimbo la Singida Mashariki, alikuwa Tundu Lissu, mwanasheria aliyechaguliwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika mwezi wa Machi 2017. Katika miaka ya 2016 na 2017 alishitakiwa mara kwa mara kwa uchochezi. Tarehe 7 Septemba 2017 alipigwa risasi nyingi nje ya makazi yake Dodoma, akiwa ametoka bungeni; akapelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji, kwa matibabu ya muda mrefu. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo katika miaka iliyofuata. Mwezi wa Juni 2019, akiwa bado ng'ambo, alivuliwa ubunge. Alirudi mwaka 2020 akagombea urais, akaondoka tena, akarudi Januari 2023; na mwezi wa Aprili 2025 alikamatwa Mbinga na kushitakiwa kwa uhaini, kosa jingine lisilo na dhamana. Mwezi uliofuata wakili wake wa ng'ambo alipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa.

Wako wanaosema kwamba kupeleka shauri nje ni desturi mpya, na tena ni kuichongea nchi kwa wageni. Historia yakanusha. Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Mkataba wa Umoja huo uliwapa wenyeji ruhusa ya kupeleka malalamiko yao kwa Baraza la Udhamini. Wameru walipoondolewa Engare Nanyuki mwezi wa Novemba 1951, watu karibu 3,000, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu, walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet New York. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza akaeleza jinsi nyumba zilivyochomwa na mifugo kuswagwa. Wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, ndiye aliyewasaidia kuiandika hoja yao. Wameru hawakurudishiwa ardhi kwa kura ya Umoja wa Mataifa: katika Baraza Kuu azimio la kuwaunga mkono halikupata thuluthi mbili zilizotakiwa. Lakini shauri lenyewe lilizungushwa nchi nzima, likawafundisha watu kwamba serikali yaweza kuulizwa na mtu mwingine. Julius Nyerere alipokwenda mbele ya Baraza hilohilo mwezi wa Machi 1955, alipita katika njia ambayo Mmeru alikwisha kuifyeka. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoona kwamba safari hizo ni uchochezi.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekaa Arusha tangu mwaka 2007. Itifaki iliyoianzisha ilipitishwa Ouagadougou mwaka 1998, ikaanza kutumika Januari 2004, na Tanzania iliiridhia mwaka 2006. Hukumu yake ya kwanza juu ya kiini cha shauri ilihusu Tanzania, na shauri hilo lilianzia Dodoma, palepale ambapo rufaa za Manyoni zilikuwa zikipelekwa kwa miaka mingi. Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa maneno makali aliyefunguliwa mashtaka mara kadhaa kwa ajili ya hotuba zake, aliiomba Mahakama Kuu iamue kwamba raia aweza kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alikubaliana naye, na katika hukumu hiyohiyo akafuta masharti ya kuomba kibali cha polisi kabla ya mkutano wa hadhara. Bunge halikungoja: mwaka huohuo lilibadili Katiba ili mgombea binafsi asiruhusiwe. Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005, akashinda tena mwaka 2006, kisha mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba jambo hilo ni la Bunge. Ndipo alipokwenda Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 majaji wa Afrika walitamka kwamba Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika. Miaka karibu 20 ilikuwa imepita tangu hukumu ya Dodoma. Mtikila alifariki katika ajali ya gari mwaka 2015, na uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika bila mgombea binafsi.

Mtikila aliweza kuingia mlango wa Arusha kwa sababu ya neno moja, nalo ni tamko. Ibara ya 34(6) ya Itifaki yasema kwamba mtu binafsi au shirika haliwezi kuishitaki nchi moja kwa moja isipokuwa nchi hiyo imetoa tamko la kukubali. Tanzania ilitoa tamko mwezi wa Machi 2010. Mwezi wa Novemba 2019 ililiondoa. Habari ilipotangazwa, watu wengi walielewa kwamba nchi imejitoa katika Mahakama, na kosa hilo limekuwa likirudiwa. Mambo hayo mawili ni mbali. Nchi iliyojitoa katika Itifaki haidaiwi tena na Mahakama. Nchi iliyoondoa tamko imefunga mlango wa raia, lakini yenyewe bado imo ndani ya nyumba. Hata mlango huo haukufungwa siku ileile. Rwanda ilipoondoa tamko lake mwaka 2016, Mahakama iliamua kwamba kuondoa huanza kazi baada ya miezi 12, nayo ikaendelea na shauri la Ingabire Victoire Umuhoza, kiongozi wa upinzani aliyekuwa kifungoni, na mwaka 2017 ikaamua kwamba uhuru wake wa kusema umevunjwa. Kwa Tanzania tarehe ikawa 22 Novemba 2020. Mashauri yaliyoandikishwa kabla ya siku hiyo yaliendelea kusikilizwa. Mtu wa Manyoni aliyefika baada yake hana tena mlango wa mbele.

Mlango wa nyuma upo, na wajulikana na wachache mno. Tume ya Afrika, yenye makao yake Banjul katika Gambia, hupokea malalamiko ya mtu yeyote dhidi ya nchi yoyote iliyoridhia Mkataba wa Afrika, wala haihitaji tamko. Tena Tume yenyewe yaweza kuipeleka nchi mbele ya Mahakama ya Arusha, mradi nchi hiyo imeridhia Itifaki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Waogiek wa msitu wa Mau. Kenya haikutoa tamko, lakini Tume ililibeba shauri lao, na tarehe 26 Mei 2017 Kenya ikahukumiwa. Fidia ikaamuliwa Juni 2022. Njia ni ndefu, maana yapita Banjul kwanza, na Tume hailazimiki kulibeba kila shauri. Lakini ni njia halali.

Katika njia hiyo lugha ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika yaweka masharti ya malalamiko. Yasimame juu ya jina la mtu, hata kama aomba jina lake lifichwe. Yawe yamekwisha kupita katika mahakama za nyumbani, isipokuwa kama huko yacheleweshwa kupita kiasi. Yasitegemee habari za magazeti peke yake. Yaletwe katika muda wa kufaa. Yasiwe yamekwisha kuamuliwa na chombo kingine cha kimataifa. Na yasiandikwe kwa maneno ya dharau au matusi juu ya nchi au vyombo vyake. Sharti hili la mwisho limewaponza watu. Malalamiko ya shirika moja la Kameruni yalikataliwa mwaka 1997, kwa sababu mojawapo kwamba yaliuita utawala wa nchi hiyo utawala wa watesaji, ijapokuwa mambo yaliyoelezwa ndani yake yalikuwa mazito sana. Baadaye Tume ililegeza msimamo wake, ikasema kwamba si kila neno kali ni tusi. Hata hivyo sharti lingali limeandikwa. Ni sharti baya, kwa maana lamtaka aliyepigwa aongee kwa adabu juu ya aliyempiga. Lakini afadhali kulijua kuliko kulikuta njiani.

Kiswahili chenyewe kina msaada hapa, kwa sababu ni lugha inayoeleza tendo vizuri kuliko inavyopachika majina. Mwandishi wa malalamiko mwenye hasira huandika "polisi makatili walimteka". Maneno hayo yana hukumu mbili, katili na teka, na hayana hata tukio moja. Mwandishi mzoefu huandika kwamba saa kumi za usiku watu watano, wawili kati yao wakiwa na sare, walifika nyumbani, hawakuonyesha hati, wakamfunga pingu mbele ya mkewe, na kwamba kituo cha polisi kilipoulizwa asubuhi kilisema hakimjui. Hapo hakuna tusi, na msomaji wa Banjul amekwisha kuona utekaji kwa macho yake. Vivyo hivyo kauli ya kutendwa yafaa iepukwe: "alipigwa" ni neno lisilo na mpigaji, na mahakama inayoihukumu nchi haina budi kujua kama mpigaji alikuwa mtumishi wa nchi. Umoja wa Afrika umekihesabu Kiswahili katika lugha zake rasmi, na mwaka 2022 ukakikubali kuwa lugha ya kazi. Lakini majaji na makatibu wengi wa vyombo hivi bado hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwa hiyo maandishi ya Kiswahili yatafasiriwa, na sentensi iliyo wazi ndiyo isiyoharibika mikononi mwa mfasiri.

Mahakama nyingine iliyo Arusha ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na tabia yake ni kinyume cha ile ya kwanza. Haidai mtu amalize mahakama za nyumbani, wala haihitaji tamko. Lakini yataka shauri liletwe katika miezi 2 tangu tendo au tangu mlalamikaji alipolijua, na sharti hilo halina huruma. Mtu anayekaa Manyoni akingoja rufaa yake Dodoma kwa matumaini kwamba atakwenda Arusha baadaye, atakuta mlango huu umekwisha kufungwa. Mahakama hii haikuundwa kuwa mahakama ya haki za binadamu. Hata hivyo katika shauri la James Katabazi na wenzake dhidi ya Uganda, mwaka 2007, majaji walisema kwamba hawataacha kuufasiri Mkataba wa Jumuiya eti kwa sababu malalamiko yagusa haki za binadamu, maana Mkataba wenyewe wadai utawala wa sheria. Tangu hapo watetezi wamelitumia tundu hilo. Baraza la Habari Tanzania na wenzake waliipinga Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, wakiwahi ndani ya miezi 2, na tarehe 28 Machi 2019 mahakama ikaamua kwamba vifungu vyake vingi vyapingana na Mkataba, pamoja na vile vya uchochezi. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha sheria hiyo kwa sehemu. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo iliamua vivyo hivyo juu ya mabadiliko ya mwaka 2019 katika Sheria ya Vyama vya Siasa.

Shauri la kijiji cha Ololosokwan, huko Loliondo, lina somo jingine kwa watu wa vijijini. Wanavijiji walidai kwamba mwaka 2017 waliondolewa katika ardhi yao na nyumba zao kuchomwa. Mwaka 2022 walishindwa, si kwa sababu mahakama ilisema kuchoma nyumba ni halali, bali kwa sababu iliona hawakuthibitisha kwamba mambo hayo yalitendeka ndani ya ardhi ya kijiji na si ndani ya hifadhi. Mwezi wa Novemba 2023 Kitengo cha Rufaa kiliitengua hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Miaka 6 ilikwenda katika kubishania mipaka. Kwa hiyo mtetezi wa Manyoni hana budi kuanza kuandaa shauri lake la Arusha siku ya kwanza, kabla hajajua kama atalihitaji: namba ya RB ya kituo cha polisi, fomu ya PF3 aliyopewa kwenda nayo hospitali, nakala ya hati ya mashtaka, tarehe za kuahirishwa kwa shauri, picha za mahali, na majina ya walioona kwa macho. Karatasi hizo hupotea upesi kuliko kumbukumbu, na mahakama za nje huziamini zaidi.

Kuhusu Geneva maneno machache yatosha. Tanzania iliridhia mwaka 1976 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, lakini haikuridhia itifaki inayomruhusu mtu binafsi kulalamika mbele ya Kamati ya mkataba huo. Wala si mwanachama wa mkataba unaopinga utesaji. Kinachobaki ni taratibu zisizohitaji kuridhiwa: Mwandishi Maalumu juu ya watetezi, na Kikundi Kazi juu ya Kuzuiliwa Kiholela, ambacho hutoa maoni kama mtu amefungwa kinyume cha sheria. Maoni hayo hayafungui lango la gereza. Faida yake ni kwamba huandikwa upesi kuliko hukumu, na serikali hutakiwa kujibu kwa maandishi.

Swali la mwisho ni nani atazitekeleza hukumu hizi, kwa kuwa Arusha hakuna askari wa kumlazimisha mshindwa. Burkina Faso ilihukumiwa mwaka 2014 kwa kutochunguza kwa bidii mauaji ya mwandishi Norbert Zongo, aliyeuawa mwaka 1998, na mwaka huohuo katika shauri la Lohé Issa Konaté ikaambiwa kwamba haifai kumfunga mwandishi kwa kashfa. Baadaye iliiondoa adhabu ya kifungo kwa kosa hilo. Hukumu ya Mtikila haijatekelezwa. Tofauti haikutoka katika ubora wa hukumu, maana zote zilitoka katika mahakama moja. Ilitoka nyumbani: Burkina Faso serikali ilianguka Oktoba 2014, na warithi wake hawakuwa na sababu ya kulinda makosa ya waliotangulia.

Mwezi wa Mei 2025 Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuja Dar es Salaam kufuatilia shauri la Lissu. Walikamatwa, na baada ya siku chache kila mmoja alikutwa ametupwa karibu na mpaka wa nchi yake; wote wawili wakaeleza kwamba waliteswa, na wakuu wa polisi wakakanusha. Tarehe 18 Julai 2025, siku 60 hivi tangu kukamatwa kwao, walifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki pamoja na mashirika ya kiraia. Waliwahi muda.